"Mimi Sinywi, Sista": Kwa Nini Hakuna Anayejua Kwale Inapiga Mtungi Kiasi Gani

Wacha nikuulize kitu, na ujibu kwa roho yako tu, hakuna mtu anaskia. Wiki iliyopita ulikunywa chupa ngapi?

Umeshapata namba? Poa. Sasa fikiria swali hilo hilo unaulizwa na mama fulani mwenye kitambulisho shingoni na tableti mkononi. Mmekaa barazani kwenu Ukunda, mathe anachambua mchicha hapo kando, na adhana ya alasiri ndio inaisha. Namba yako bado ni ile ile?

Ilipungua, sindio? Hata mimi yangu ilipungua. Na hapo ndipo shida yote ya leo inaanzia. Kila ukiskia kwenye habari "asilimia fulani ya Wakenya wanatumia pombe," jua hiyo namba imetoka kwa mtu kama wewe, barazani kama hapo kwenu, akiwa na mathe wake kando.

Unaweza kusema, sasa mimi hiyo inanihusu nini? Tulia nikuambie ya mjomba wangu.

Siku tatu wodini

Nina mjomba kule Msambweni. Miaka kadhaa iliyopita alianguka na boda usiku akitoka kwa shughuli zake, mguu ukavunjika. Tukamkimbiza hospitali moja ya huku Pwani. Sista akaja na faili, akauliza maswali ya kawaida. Jina, umri, una sukari, una presha? Halafu, "Mzee, unakunywa pombe?"

Sasa angalia nani walikuwa wamezunguka kile kitanda. Bibi yangu, yaani mama yake mzazi. Mke wake. Mimi. Na jirani mmoja ambaye huadhini msikiti wa mtaani kwao. Mjomba akaangalia dari, akasema, "Mimi sinywi, sista."

Sista akaandika. Angefanya nini? Ameuliza, amejibiwa.

Siku ya kwanza mambo shwari. Usiku wa pili mjomba akaanza kutokwa na jasho na mikono kutetemeka. Tukadhani ni maumivu ya mguu. Siku ya tatu akaanza kubonga na watu hawako. Anavuta shuka, anasema kuna mbuzi chini ya kitanda, wafukuzwe. Bibi akasema haya ni majini. Binamu yangu akatumwa akatafute mtu wa kuja kumsomea Kurani.

Aliyemuokoa ni rafiki yake wa mangweni. Alikuja kumuona na mfuko wa machungwa, akamwangalia dakika mbili tu, akatoka nje kumtafuta daktari. Akamwambia kwa sauti ya chini, "Daktari, huyu hunywa kila siku. Kila siku, tangu nimjue."

Daktari akabadilisha matibabu hapo hapo. Baadaye alitueleza. Mwili uliozoea pombe kila siku ukinyimwa ghafla unachanganyikiwa. Unaanza na jasho na kutetemeka, na ndani ya siku mbili tatu mtu anaweza kupata degedege, akaona vitu hazipo, na wengine hufa. Dawa zake ziko. Lakini lazima daktari ajue anatibu nini.

Maneno matatu, "mimi sinywi, sista," nusura yamuue mtu. Sasa chukua hayo maneno uzidishe mara nchi nzima.

Namba zilizoko mezani

NACADA, ile mamlaka ya serikali ya kupambana na pombe na mihadarati, ilifanya utafiti wa kitaifa mwaka 2022. Matokeo yalisema Mkenya 1 kati ya 8 wa umri wa miaka 15 mpaka 65 anatumia pombe kwa sasa. Hao ni watu 3,199,119. Ukanda wa Magharibi ndio uliongoza kwa asilimia 23.8, halafu Pwani ikafuata na 13.9, Kati ikawa na 12.8.

Najua umeshtuka. Pwani namba mbili? Na zile kelele zote huwa tunaskia za Mlima?

Lakini usikimbilie kupost bado. Angalia hiyo "Pwani" ni nani. Ni kaunti sita: Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita-Taveta. Umemweka mzee wa Lamu, kijana wa Mtwapa, mama wa Voi na mhudumu wa hoteli ya Diani kwa sufuria moja, ukakoroga, ikatoka 13.9. Kwale peke yake ilikuwa na watu 866,820 kwenye sensa ya 2019, na ndani yake kuna Diani ya disko mpaka asubuhi, na kuna vijiji vya Wadigo ambapo ukionekana na chupa, kabla ufike nyumbani bibi ameshaambiwa.

Halafu kuna hii. Mwaka 2015 kulikuwa na utafiti mwingine mkubwa, unaitwa STEPS, wa kuangalia magonjwa kama presha na kisukari, kwa mfumo wa Shirika la Afya Duniani. Uliuliza watu wa miaka 18 mpaka 69, ukapata karibu 19 kwa kila 100 wanakunywa. Miaka miwili baadaye, NACADA 2017 ikapata asilimia 12.2 kwa wale wa 15 mpaka 65. Kweli, umri ulitofautiana kidogo. Lakini pengo ni kubwa kuliko hiyo tofauti. Aidha nchi iliokoka ndani ya miaka miwili, ama jibu linategemea nani ameuliza, ameuliza vipi, na mmekaa wapi.

Na si Kenya tu. Nchi nyingi zikichukua kile watu walisema wamekunywa, zikajumlisha, halafu zikaweka kando ya pombe iliyouzwa madukani, majibu hufika kama nusu tu. Saa zingine hata nusu haifiki. Yaani kuna chupa nyingi zilinunuliwa, zikafunguliwa, zikaisha, na hakuna aliyezinywa. Maajabu.

Nilikuwa karani, wacha nikuambie ukweli

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilikataa. Kabla nianze kuandika huku, nilifanya vibarua viwili vitatu, na kimoja kilikuwa kuzunguka na tableti nikiuliza watu maswali ya afya. Kampuni siitaji. Nilipita Tiwi, Gazi, mpaka Lunga Lunga. Hii sehemu naongea nikiwa nimeiona.

Uongo wa kwanza hauanzi kwa mwenye nyumba. Unaanzia kwa nyumba yenyewe. Sisi tulifika saa nne asubuhi. Nani yuko nyumbani saa nne asubuhi? Mama, mzee, na mwenye mtoto mdogo. Mhudumu wa baa ya Diani amelala ama anaishi kwa makao ya wafanyakazi hotelini. Bichiboi yuko ufuoni. Dereva wa tuktuk yuko barabarani. Na yule mlevi kabisa, ambaye unamtafuta kuliko wote, hana hata nyumba ya kugongwa mlango. Kwa hivyo hata kabla swali la kwanza, wanywaji wengi washaanguka kwa chujio.

Uongo wa pili ni wa aibu, na huu unaujua. Huku kwetu dini iko juu. Mtu hasemi "sinywi" kwa sababu ni muongo. Anasema kwa sababu ukuta ni wa makuti na mama mkwe yuko upande wa pili.

Uongo wa tatu ni wa kusahau. Swali lilikuwa "siku 30 zilizopita ulikunywa siku ngapi, na kila siku kiasi gani?" Buda, wewe unakumbuka Jumanne ya wiki mbili zilizopita ulikula nini? Sasa unaulizwa ulikunywa nini, na siku yenyewe ulikunywa ndio usikumbuke.

Uongo wa nne ndio hakuna mtu husema. Ni wetu sisi makarani. Swali la kwanza la pombe, ukijibu "hapana," tableti inaruka. Yale maswali kumi yanayofuata yanapotea, unaenda kwa sigara. Ukijibu "ndio," yanafunguka yote: lini, wapi, na nani, chupa ngapi, ulishawahi kushindwa kwenda kazi. Na mimi nalipwa kwa fomu iliyokamilika, jua linawaka, na nimebakisha nyumba tano. Unadhani nilikuwa natamani jibu gani?

Nilienda kwa mzee mmoja pande za Kinango. Mzee wa heshima, amenipa kiti yeye akakaa kwa kinu. Nikauliza, "Baba, wewe hutumia pombe?" Akasema, "Hapana mwanangu, pombe situmii." Nyuma yake, mlangoni, kibuyu cha mnazi kimening'inia na mrija umo ndani. Nikaangalia kibuyu. Yeye akaniangalia nikiangalia kibuyu. Nikabonyeza "hapana." Tukashukuriana.

Nimefikiria yule mzee mara nyingi. Na saa hii sidhani hata alinidanganya.

Mnazi si pombe, ni mnazi

Sikiliza. Kwa mzee wa Kiduruma, pombe ni ile ya chupa, ya baa, ya mji. Mnazi ni mnazi. Ni kitu cha mahari, cha matanga, cha kuwatambikia wazee waliotangulia. Ukimuuliza kama anatumia pombe, anakujibu ukweli kabisa kwa swali lako bovu. Ningeuliza, "Baba, mnazi wa mwisho ulikunywa lini?" angeniambia, "Jana jioni," na pengine angenimiminia.

Hata hilo neno "kinywaji" kwenye fomu lina mitego. Kuna fomu moja inatumika dunia nzima inaitwa AUDIT. Ina maswali 10, alama kuanzia 0 mpaka 40, na ukifika 8 kwenda juu unaambiwa uanze kujiangalia. Na jua hii: ilitengenezwa na Shirika la Afya Duniani miaka ya 1980 kwa kujaribiwa kwenye nchi sita, na Kenya ilikuwa moja yao, pamoja na Marekani, Australia, Norway, Mexico na Bulgaria. Kwa hivyo huwezi sema ni kitu ya wazungu imeletwa tu. Wakenya walikuwa ndani tangu mwanzo. Hata ya Kiswahili ilishapimwa kwa wagonjwa kule Moshi, Tanzania.

Lakini AUDIT inahesabu kwa "kinywaji kimoja," na kinywaji kimoja maana yake ni kama gramu 10 za alkoholi tupu. Sasa hesabu na mimi. Chupa ya Tusker ya mililita 500 ina nguvu ya asilimia 4.2. Hiyo ni kama gramu 16 na nusu. Kwa hivyo ukisema "nilikunywa mbili," fomu inafaa kuandika zaidi ya tatu. Robo ya vodka ya asilimia 40, ile mililita 250 mnagawana wawili nyuma ya duka, ina kama vinywaji vinane. Mzinga mzima ni kama 24. Wewe unasema "tulikunywa chupa moja tu." Ni kweli. Moja tu.

Na hiyo ni ya chupa, ambayo imeandikwa namba kwa lebo. Mnazi je? Mgema akishuka asubuhi, ule ni mtamu, mtoto anaweza kuonja. Lakini umeanza kuchacha tangu ukiwa juu mtini, na kufika jioni umekuwa kitu kingine. Ukilala, unaelekea kuwa siki. Tuseme wa asubuhi uko asilimia 1 na wa jioni umefika 6. Lita ile ile moja, ya asubuhi ina gramu 8 za alkoholi, ya jioni ina 47. Wote wawili wamekunywa "lita moja ya mnazi." Na hapo hatujaongea habari ya mgema aliyesifiwa akatia maji.

Unaona sasa? Hata mtu akisema ukweli wote, na kumbukumbu yake iko sawa, na mama mkwe ameenda sokoni, bado hujui amekunywa kiasi gani.

Muulize ametoa doh ngapi

Hii sehemu ndio ilinipendeza. Kule Eldoret kuna watafiti walikutana na shida hii hii kwa busaa na chang'aa. Walipeleka sampuli maabara. Chang'aa ilipatikana na wastani wa asilimia 34, busaa 4. Lakini hiyo 34 ya chang'aa ni wastani tu, zilipishana vibaya sana kutoka kwa mama mmoja kwenda kwa mwingine.

Halafu wakagundua kitu ambacho wewe na mimi tunakijua tangu zamani. Watu wa pale hawasemi "nilikunywa mililita 300." Wanasema "nilikunywa ya hamsini." Basi watafiti wakafanya hesabu kwa njia mbili, moja ya ujazo kama dunia inavyotaka, nyingine ya pesa iliyotumika. Matokeo yalilingana. Utafiti ulichapishwa mwaka 2010, na hitimisho lao ni kwamba kuuliza pesa kunafaa zaidi kwa watu wa pale, na usahihi haupungui.

Fikiria hiyo Kwale. Hakuna mtu mangweni anajua mililita. Lakini kila mtu anajua alitoka na soo mbili akarudi na mbao. Pesa tunakumbuka, hasa iliyoisha.

Na ukiuliza pesa, uulize na msimu. Diani ya Desemba si Diani ya Mei. Desemba hoteli zimejaa, bakshishi inaingia, Nairobi yote imeshuka. Mei mvua imeanguka, hoteli zingine zimefunga, wafanyakazi wametumwa nyumbani wasubiri simu. Halafu weka Ramadhani. Ukituma makarani wiki moja baada ya Idi ukauliza "siku 30 zilizopita," utaandika kwamba Kwale imeacha pombe. Haijaacha. Ilikuwa imefunga.

Damu haina aibu

Watu wa Msambweni wamezoea watafiti kuliko watu wengi Kenya. Miaka na miaka watu wamekuja hapo kuchunguza malaria, matende na kichocho. Na kwa kichocho hakuna anayekuuliza, "Ndugu, unadhani una minyoo mingapi?" Unapewa kikopo, unaenda msalani, wanahesabu mayai kwa darubini. Mkojo hauna mama mkwe.

Pombe nayo ina kikopo chake? Iko, kiasi. Alcoblow ya karao inajua umekunywa leo, lakini haijui habari ya juzi. Kuna kipimo kingine cha damu kinaitwa PEth. Hiyo ni kemikali inayojitengeneza kwenye chembe nyekundu za damu pale tu alkoholi inapopita mwilini, na inaweza kuonekana wiki mbili mpaka nne baadaye. Kule Mbarara, Uganda, watafiti walitumia kipimo hiki kwa watu wanaoishi na HIV, wakaweka damu kando ya maneno. Wako waliosema hawajaonja, na damu ikasema wameonja.

Usiwacheke. Mtu anayetumia dawa za HIV anajua akisema anakunywa atafokewa, labda anaogopa hata atacheleweshewa dawa. Anasema kile kitamfanya apite. Ni mjomba wangu tu huyo, kwa wodi nyingine.

Lakini PEth ni ghali, inataka maabara nzuri, na huwezi kutoboa vidole nchi nzima. Miji mingine Ulaya hupima maji taka ya mji mzima kujua pombe imetumika kiasi gani. Sisi huku wengi wetu ni choo cha shimo na septiki, kwa hivyo hiyo nayo sahau.

Kwa hivyo bado tutauliza watu. Swali ni tutauliza vipi.

Hila ya sarafu

Mwaka 1965 Mmarekani mmoja wa takwimu, Stanley Warner, alileta wazo la kuuliza jambo la aibu bila kujua nani amejibu nini. Limeshafanyiwa aina nyingi. Rahisi kabisa ni hii, unaweza kuijaribu na mbogi yako leo.

Kila mtu arushe sarafu kwa siri. Ikitua kichwa, aseme "ndio" bila kujali ukweli. Ikitua upande ule mwingine, ajibu ukweli: wiki hii umelewa, ndio au hapana? Sasa tuseme mko 100, na "ndio" zimetoka 65. Unajua kama 50 ni za sarafu tu. Zimebaki 15, kutoka kwa watu kama 50 waliojibu ukweli. 15 kwa 50 ni asilimia 30. Umepata namba ya kundi zima, na hakuna mama mkwe duniani anaweza kukunyooshea kidole, maana unaweza kusema "hiyo yangu ilikuwa kichwa."

Njia zingine ziko. Kule Kilifi watafiti walishajaribu kumpa mtu kompyuta na spika za masikio, anaskia swali peke yake, anabonyeza jibu peke yake. Kwenye baadhi ya maswali ya aibu watu walikiri zaidi mbele ya mashine kuliko mbele ya binadamu. Si ati mashine ni nzuri. Ni kwamba haikunji uso.

Na kuna ile ya bei rahisi kuliko zote, haitaki hata shilingi. Usiulize "unakunywa?" Uliza "mara ya mwisho ilikuwa lini?" Na mlipe karani kwa siku, si kwa fomu. Na umpe kibuyu, kikombe cha keg na chupa halisi amuonyeshe mtu, aseme "hii, mara ngapi?"

Sasa ile mambo ya miaka 21

Unakumbuka Julai 2025, mitandao ilivyowaka? NACADA ilizindua sera mpya ya kitaifa inayopendekeza umri wa kununua pombe upande kutoka 18 mpaka 21. Humo humo kuna kupiga marufuku kuuza pombe mtandaoni na kuletewa nyumbani, na masupastaa kutangaza pombe. Kelele zilipozidi wakafafanua kwamba ni sera, bado si sheria.

Mimi siko hapa kukuambia sera ni nzuri ama mbaya. Pande zote mbili zina watu na akili zao. Nataka uone kitu kimoja tu.

Leo kijana wa miaka 19 wa Ukunda akiulizwa kama anakunywa, kikwazo chake ni aibu. Siku hiyo sera ikiwa sheria, aibu itaongezewa hofu ya karao. Basi atakunywa vile vile na atajibu tofauti. Karani atabonyeza "hapana." Miaka mitano baadaye utafiti mpya utatoka na kichwa cha habari: matumizi ya pombe kwa vijana yameshuka! Watu watapongezana. Na kitakachokuwa kimeshuka kwa hakika ni majibu. Kama unywaji nao umeshuka, hutajua.

Ndio maana sheria kama hii inafaa kupimwa na kitu kisichosikia hofu, kabla na baada. Wangapi wameingia hospitali na ajali za usiku? Wangapi wametibiwa kwa kutetemeka kama mjomba?

Wengine watasema, "Si basi tupuuze utafiti wote, ni uongo." Hapana. Kama kila mwaka watu wanapunguza kwa nusu, bado unaweza kuona kama mambo yanapanda au kushuka, mradi wapunguze vile vile kila mwaka. Saa iliyochelewa dakika kumi inakufaa kama inachelewa dakika kumi kila siku. Shida inakuja pale sheria, msimu, ama swali linabadilika, na kuchelewa kunabadilika nalo.

Na hizi namba zinakula pesa na kulisha watu. Leseni za pombe ziko mikononi mwa kaunti tangu Katiba ya 2010. Ile NACADA ya 2022 ilisema Wakenya 1,357,073 wana uraibu wa pombe. Vitanda vya kuwatibia, wauguzi wa kufunzwa, dawa za kununuliwa, vyote vinapangwa kwa hesabu. Kwale ikiandikwa "hapana" elfu moja za uongo, hizo ni "hapana" elfu moja za kitanda.

Sasa wewe

Wazee walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sisi tunamsifu sana mtu anayejibu "sinywi." Tunamwitikia mashallah, sista anatabasamu, karani anashukuru kimoyomoyo. Basi na yeye anaendelea kutia maji kwa jibu.

Siwezi kurekebisha NACADA nikiwa hapa. Lakini kuna kitu unaweza kufanya wiki hii. Siku ukiulizwa na daktari au sista, waombe wenu watoke kidogo. Sema tu, "Nataka kuongea na daktari peke yangu." Ni haki yako. Halafu kama hujui chupa, mwambie pesa: "Mimi kwa wiki natumia kama soo tano kwa mnazi." Kama ni kila siku, sema ni kila siku. Na kama wewe ndiye umempeleka mtu na unajua yeye hunywa, usingoje siku ya tatu. Na kama mtu wako hunywa kila siku na ameamua kuacha, asiache ghafla akiwa peke yake. Mpeleke kwa daktari kwanza.

Mjomba yuko. Mguu ulipona ukabaki kuchechemea kidogo. Siku hizi akienda kliniki, yule rafiki yake wa machungwa ndiye humsindikiza. Sista akiuliza, mjomba huangalia dari vile vile. Halafu rafiki anamkohoa, na mjomba anajibu.